Wingu au moto? Mwongozo kamili wa kusoma anga la Kilimanjaro ukiwa Moshi mjini

Kila mwaka kiangazi kinapoelekea mwisho, kati ya Septemba na Oktoba, picha ya aina moja huanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Moshi: mlima kwa mbali, kitu cha kijivu kimeng'ang'ania ubavuni, na chini yake swali, "Jamani, ule ni moshi?" Majibu huja haraka na hayapatani. Mmoja anaapa ni wingu. Mwingine ana shemeji yake Marangu aliyemwambia msitu unawaka. Wa tatu anatupia picha ya moto wa mwaka 2020 bila kusema ni ya lini.

Swali hilo lina jibu, na mara nyingi unaweza kulipata mwenyewe kwa macho, saa na dakika kumi za subira. Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi mjini au vijiji vya chini, asiye na kifaa zaidi ya simu na daftari. Msingi wake ni huu: usikipe kitu jina kabla hujajua kimesimamia wapi na kinafanya nini muda ukipita. Rangi iwe ya mwisho. Wengi huanza na rangi, ndiyo maana wanabishana.

Hatua ya 1: Mahali pamoja, ngumi moja

Tafuta sehemu unayouona mlima bila nyaya za umeme na miti kuukatakata: ngazi za nje za ghorofa, paa, uwanja wa shule, hata kona ya barabara. Iwe Majengo, Soweto, Pasua, Rau au Kiboriloni, muhimu ni kurudi hapo hapo kila siku. Ukiangalia leo kutoka Shanty Town na kesho kutoka Njoro, korongo lililokuwa kushoto kwa nguzo litakuwa limehamia kulia, na utadhani moshi umesogea kumbe umesogea wewe.

Sasa nyoosha mkono mbele yako, kunja ngumi, gumba likiwa juu, na ukingo wa chini wa ngumi uguse upeo wa macho. Ngumi ya mkono ulionyooka hufunika takriban nyuzi 10. Kidole kidogo peke yake, nyuzi 1 hivi. Kilele cha Kibo kina mita 5,895 na kipo karibu kilomita 30 kutoka katikati ya mji kwa mstari ulionyooka, wakati mji wenyewe uko kati ya mita 800 na 900. Piga hesabu: Kibo inasimama nyuzi 9 na nusu hivi juu ya upeo, yaani ngumi moja pungufu kidogo. Watu hawaamini mpaka wajaribu, kwa sababu moyoni mlima ni mkubwa kuliko hapo. Kwa umbali huo upana wa kidole kidogo ni zaidi kidogo ya mita 500. Kwa hiyo mtu akikuambia moshi umepanda juu sana, muulize vidole vingapi. Mtoto pia anaweza kupima: ngumi yake ni ndogo, lakini na mkono wake ni mfupi, mambo yanajisawazisha.

Ngumi hiyo hiyo inakupa ramani ya mimea. Msitu huanza karibu mita 1,800, juu ya vihamba (mashamba ya nyumbani) na nusu maili (ukanda wa mpakani kati ya vijiji na hifadhi), na kuisha karibu mita 3,000. Kuanzia hapo mpaka mita 4,000 hivi ni vichaka na nyasi kavu, kisha mawe na vumbi mpaka kwenye barafu. Kwa macho ya mtu wa mjini, ukanda wa vichaka unaanzia katikati ya ngumi na kupanda kidogo. Ukumbuke ukanda huo, tutaurudia, maana ndiko moto mkubwa hupenda kukimbilia.

Siku mlima umefunguka wote alfajiri, piga picha moja safi, ichapishe na uibandike ndani ya jalada la daftari. Weka alama kwa kalamu: Shira kushoto, Kibo katikati, Mawenzi (mita 5,149) kulia, na makorongo makubwa unayoyaona. Hiyo ndiyo picha utakayolinganisha nayo kila unachokitilia shaka.

Hatua ya 2: Ijue ratiba ya mlima

Nusu ya taarifa za uongo kuhusu moto zinatokana na mtu kushangaa jambo ambalo mlima hulifanya kila siku.

Usiku miteremko hupoa, hewa iliyo juu yake inakuwa nzito na kuteleza kushuka kupitia makorongo kuelekea mjini. Ndiyo maana ukitoka nje saa kumi na moja alfajiri upande wa Rau unahisi baridi inayotoka juu. Mlima wakati huo kwa kawaida uko wazi. Jua likichomoza, kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa moja kasorobo kutegemea mwezi, miteremko huanza kupata joto, upepo hugeuka, na hewa ya tambarare hupanda. Inapopanda hupoa, karibu nyuzi moja kwa kila mita 100, mpaka unyevu wake unaganda kuwa matone. Hapo unaona vipande vya kwanza vya wingu vikijishikiza juu ya msitu, mara nyingi kati ya saa tatu na saa tano. Mchana Kibo hufungwa. Jua likielekea kuzama, joto linapungua, mawingu yanalegea, na kilele hutokea tena kwa dakika chache zenye rangi ya waridi.

Ratiba hii hubadilika kwa majira. Januari na Februari mlima unaweza kukaa wazi mpaka mchana. Wakati wa baridi, Juni mpaka Agosti, upepo wa kusi husukuma hewa yenye unyevu kwenye ubavu wa kusini na mji hukaa chini ya dari la kijivu siku kadhaa mfululizo, na manyunyu ya hapa na pale. Wapagazi walioko juu wakati huo wanatembea juani. Wingu lote liko chini ya miguu yao, na sisi tuko chini ya wingu. Masika, Machi hadi Mei, huna haja ya kutafuta moto mlimani. Vuli ikichelewa, hapo ndipo pa kukaza macho.

Hatua ya 3: Kadiria wingu linapaswa kuwa wapi

Hatua hii wengi huiruka, nami naona ndiyo yenye faida kuliko zote za mwanzo, kwa sababu inakuambia wingu la kawaida litaanzia kimo gani leo. Kitu kikiwa nje ya kimo hicho, kina maswali ya kujibu.

Programu nyingi za hali ya hewa kwenye simu huonyesha joto la hewa na kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa mpaka hapo unyevu wake huanza kuwa matone. Toa cha pili kwenye cha kwanza, zidisha kwa 125. Jibu ni kimo cha kitako cha wingu, kwa mita, kutoka ulipo.

Tuseme saa nne asubuhi mjini joto ni nyuzi 29 na kiwango cha umande ni 17. Tofauti ni 12, mara 125 ni mita 1,500. Jumlisha mita 850 za mji, unapata mita 2,350 juu ya usawa wa bahari. Hapo ni katikati ya msitu, na ndipo mawingu mengi ya asubuhi yanapokaa. Ukiona kijivu kinaanzia juu ya mstari wa msitu, karibu mita 3,500, wakati mawingu yote mengine yana vitako vilivyonyooka huko chini, acha chai yako na uendelee na hatua ya 5.

Hatua ya 4: Majina machache yanatosha

Mfumo wa majina ya mawingu unaotumika duniani ulitolewa na Luke Howard, mfamasia wa London, mwaka 1802. Una matawi mengi. Kwa kazi yetu unahitaji manne. Kumulasi ni yale ya mafungu, kitako bapa na kichwa cha kuumuka. Stratasi ni dari lisilo na umbo, lile la Julai. Sirasi ni nyuzi nyembamba za barafu juu kabisa. Kumulonimbasi ni mnara wa ngurumo, kichwa chake hutandaa, na huonekana zaidi juu ya tambarare nyakati za mvua. Ukiona radi, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita moja.

Ongeza moja la hapa kwetu: kilemba cha Kibo. Ni wingu laini lililokaa juu ya kilele, halitikisiki hata upepo ukivuma kwa nguvu huko juu. Halitikisiki kwa sababu linazaliwa upande mmoja wa kilele hewa inapopanda na kufa upande wa pili hewa inaposhuka. Upepo unapita ndani yake. Kila linapotokea, hakosekani mtu wa kusema mlima unataka kulipuka. Kibo ni volkano iliyolala, na kreta yake bado hutoa mvuke kidogo, lakini mvuke huo huuoni ukiwa mjini.

Kiasi cha mawingu pima kwa nane: gawa anga lote sehemu nane kwa kichwa, kisha useme ngapi zimefunikwa. Anga tupu ni 0, dari zima ni 8. Wataalamu wa hali ya hewa hutumia kipimo hicho hicho.

Tahadhari moja kuhusu vitabu na video za mtandaoni. Kanuni kama "duara kuzunguka mwezi, kesho mvua" zimetokana na nchi ambako hewa baridi na hewa ya joto husukumana na kuleta mvua kwa mpangilio. Mvua zetu haziji hivyo. Duara kuzunguka mwezi Moshi linakuambia kuna sirasi juu, basi.

Hatua ya 5: Tafuta shina

Sasa umekiona kitu unachokitilia shaka. Usipige picha kwanza. Angalia saa, andika, halafu fanya haya.

Tazama kinapoishia chini. Moshi una shina: mahali pamoja unapotokea, pembamba kuliko juu, na hata upepo ukiulaza, shina halihami. Wingu la kumulasi lina kitako bapa na kwa kawaida majirani zake wana vitako kwenye kimo kile kile. Chagua korongo au mwamba kwenye picha yako ya daftari, linganisha, subiri dakika kumi, linganisha tena. Kikiwa kimehama chote, kichwa na mguu, ni wingu. Kichwa kikihama na mguu ukibaki, una sababu ya kuwa na wasiwasi.

Anayedanganya wengi zaidi ni ukungu wa msituni. Mvua ikinyesha usiku na jua likatoka asubuhi, makorongo hutoa vishipa vyeupe vinavyopanda wima, vyembamba, vyenye shina kabisa. Lakini tazama: vinatokea sehemu tano, sita kwa pamoja, kimoja kinafutika ndani ya dakika chache na kingine kinaota pembeni. Moshi hauna tabia ya kuzunguka hivyo. Hutulia palepale na kurudi palepale.

Kisha angalia upepo unakoupeleka. Wingu linalopanda mteremko mchana hutafunwa kingo zake na kuyeyuka hewani. Moshi ukipelekwa na upepo hufifia kwa kutandaa, haukatiki ghafla; unaacha mkia unaoendelea kilomita nyingi kama utepe mchafu. Moto ukiwa mkali, juu ya moshi huota wingu jeupe la kuumuka, kwa sababu joto linasukuma hewa na mvuke juu. Hapo utaona vyote viwili: shina la kahawia na kichwa cheupe. Picha iliyokata shina na kubakiza kichwa itakufanya useme ni wingu.

Sasa rangi. Moshi mwembamba ulio mbele ya msitu mweusi huonekana wa bluu; moshi ule ule ukivuka na kuwa mbele ya anga jeupe hugeuka wa njano au kahawia. Chembe zake hutawanya mwanga wa bluu, kwa hiyo kinachoonekana kinategemea mwanga unatoka mbele au nyuma yako. Kitu kinachobadilika rangi hivyo kinapovuka mstari wa mlima ni moshi karibu kila mara. Wingu ni jeupe juu na kijivu chini, mbele ya msitu na mbele ya anga vilevile. Ila baada ya saa kumi na moja jioni usihukumu kwa rangi: jua la machweo hupaka kila kitu, hata ukungu usio na hatia.

Jua likiwa jekundu mchana, kuna moshi au vumbi kati yako na jua. Usilitazame moja kwa moja hata likiwa hafifu. Angalia mwanga wake ukutani.

Usiku kazi ni rahisi zaidi. Mawingu yakishuka na kupungua, moto wa vichaka huonekana kama mstari mwekundu uliopinda kufuata mteremko. Tochi za wapanda mlima usiku wa manane pia hufanya mstari, lakini ni vidoto vyeupe, vinasogea taratibu, na viko juu karibu na kilele kwenye mawe matupu. Kule hakuna cha kuungua.

Hatua ya 6: Pua na kamba ya nguo

Upepo wa mchana hupanda kutoka tambarare, wa usiku hushuka kutoka mlimani. Kwa hiyo saa unayonusa moshi inakupa mwelekeo kabla hata hujafungua dirisha. Harufu ya saa kumi na moja alfajiri inayokwisha jua likipanda inaelekea kutoka juu: jiko la kijijini, tanuri la mkaa, au moto wa msitu uliolala kwenye korongo usiku kucha. Harufu ya saa tisa mchana inaelekea kutoka kusini: mashamba yanayosafishwa kungoja vuli, matanuri ya tofali, takataka, au miwa inayochomwa Arusha Chini kabla ya kukatwa.

Moshi wa miwa hujitambulisha wenyewe kwenye kamba ya nguo. Unakuta vipande vyeusi, virefu kama nyuzi za jani, vyepesi kiasi kwamba ukivipuliza vinaruka, na ukivibana kati ya vidole vinasagika na kuacha mstari mweusi kwenye shuka. Ukiviona hivyo, geuka uangalie kusini kabla hujaulaumu mlima.

Wakati wa baridi na asubuhi tulivu, hewa ya joto ikikaa juu ya hewa baridi inakuwa mfuniko wa sufuria: moshi wa mji mzima unabaki chini, tabaka la bluu na kahawia lenye mstari ulionyooka juu yake. Ukiangalia magharibi, Mlima Meru (kilomita 65 hivi kutoka Moshi) unakatwa kiuno: kilele kinaelea, chini hakuna kitu. Utando huo hauna shina moja. Unafumuka kati ya saa tatu na saa nne jua likichanganya hewa. Moshi wa moto mkubwa haungoji jua uondoke.

Vumbi nalo. Upande wa Bomang'ombe na Sanya Juu mchana wa kiangazi chamchela husimama mmoja baada ya mwingine, mwekundu wa udongo, unatembea, unakufa. Kitu chenye miguu inayotembea si moto wa mlimani.

Hatua ya 7: Jua msimu na mahali pa hatari

Moto wa Oktoba 11, 2020 ulianzia karibu na Whona, kituo cha kupumzikia kati ya kambi za Mandara (mita 2,720) na Horombo (mita 3,720) kwenye njia ya Marangu. Kwa mtu wa mjini ni upande wa kulia, chini ya Mawenzi. Mamia ya watu walipanda kusaidia kuuzima, na eneo lililoungua lilikadiriwa kuwa takriban kilomita za mraba 95. Moto wa Oktoba 21, 2022 ulianza jioni karibu na kambi ya Karanga, kimo cha mita 4,000 hivi, yaani chini ya Kibo moja kwa moja.

Yote Oktoba, yote kwenye ukanda ule wa katikati ya ngumi. Haishangazi. Vichaka vya erika vina mafuta na matawi makavu, nyasi zimekauka tangu Juni, upepo una nafasi ya kukimbia, na mwisho wa kiangazi watu wako wengi mlimani: wapagazi wanaopika, warina asali, majangili. Msitu wa chini ni mgumu kuwaka kwa sababu una unyevu, lakini ukingo wake wa juu hupungua kila moto unapopita. Mtafiti Andreas Hemp, aliyefanya kazi Kilimanjaro miaka mingi, ameonyesha kwamba moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu. Miti hiyo ya juu hukamata maji ya ukungu, na maji hayo ni sehemu ya yale yanayofika kwenye mifereji ya vihambani. Kwa hiyo anayemwagilia migomba Kibosho ana sababu ya kuujali moto ulioko mita elfu mbili juu yake.

Andika daftarini siku ngapi zimepita bila mvua. Zikizidi wiki tatu mwezi Septemba au Oktoba, ongeza zamu: alfajiri, saa nne, saa tisa na saa mbili usiku.

Hatua ya 8: Daftari na picha

Mstari mmoja kwa zamu moja. Mfano:

*Saa 4:10 asubuhi, Rau. Anga 3/8. Kibo wazi, Mawenzi nusu. Kumulasi juu ya msitu, vitako sawa. Upepo mwepesi kutoka kusini. Kijivu chembamba kulia kwa korongo la pili, juu ya mstari wa msitu, kidole kimoja. Saa 4:20: mguu palepale, kichwa kimelalia kushoto.*

Usiandike "moshi" kwenye mstari wa kwanza. Andika ulichokiona, jina lije kwenye mstari wa pili.

Kwenye simu zima vichujio na urembo wa rangi, shikilia kidole kwenye skrini mpaka mwanga ujifunge, usivute sana kwa sababu simu nyingi zitakuchorea kisichokuwepo. Paa au nguzo ile ile iwemo kwenye fremu kila mara. Ukiweza, egemeza simu dirishani urekodi video ya kuharakisha ya dakika ishirini: kitakachohama na kitakachobaki utakiona ndani ya sekunde chache, na huo ni ushahidi bora kuliko picha kumi.

Hatua ya 9: Uliza aliye juu, kisha setilaiti

Mtu aliye karibu ana thamani kuliko programu yoyote. Piga simu, uliza bila kumwekea jibu mdomoni.

"Shikamoo mama. Samahani kukusumbua, hebu toka nje uniangalizie juu ya nusu maili, unaona nini?"

"Marahaba mwanangu. Mbona ni ukungu tu? Usiku mvua ilitunyeshea huku."

"Harufu je?"

"Hakuna harufu. Labda ya ugali wangu unaoungua."

Umemaliza. Ungeanza na "Mama, huko kunaungua?" angeingia hofu na kuwapigia watu kumi.

Kwa setilaiti, ramani ya FIRMS ya NASA ni bure na huweka nukta pale joto lisilo la kawaida lilipoonekana, mara nyingi ndani ya saa tatu. Setilaiti zenye kifaa cha VIIRS, kinachopima kwa vipande vya mita 375, hupita kwetu karibu saa saba na nusu, mchana na usiku. Hapo pana tatizo ambalo wachache hulifikiria: saa saba na nusu mchana ndiyo saa ubavu wa kusini umefungwa na mawingu, na kifaa hakioni kupita wingu nene. Ramani tupu mchana haimaanishi hakuna moto. Subiri mzunguko wa usiku, mlima ukiwa wazi, ndio wa kuamini zaidi. Saa za ramani hiyo mara nyingi ni za UTC, yaani saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu: 10:30 ya huko ni saa saba na nusu mchana kwetu. Na nukta ni kipande kizima cha ardhi, usiseme moto uko kwenye kona yake fulani.

Utabiri wa upepo na mvua chukua kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Programu za nje huchora Kilimanjaro kwa miraba mikubwa, na mara nyingi mlima wote unakuwa mfupi kuliko ulivyo.

Hatua ya 10: Toa taarifa inayotumika

Ukiwa na shina lisilohama kwa dakika kumi, na mtu wa juu hajakupa sababu nyingine, piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au ofisi ya hifadhi kwenye geti lililo karibu. Walio vijijini waanze na mwenyekiti au mtendaji. Sema kwa mpangilio: uko wapi, unaangalia upande gani, kitu kiko kimo gani, tangu saa ngapi, kinalalia wapi.

"Niko Rau, naangalia kaskazini. Naona moshi chini ya Kibo, juu kidogo ya mstari wa msitu. Nimeuona tangu saa nne na dakika kumi, shina halijahama, unalalia magharibi. Mwali sijauona. Nina picha zenye saa."

Kwenye grupu tuma baada ya hapo, ukiandika tarehe na mahali juu ya picha yenyewe, kwa sababu maelezo yaliyo chini hubaki nyuma picha ikisambazwa. Na usipande kwenda kuangalia. Upepo wa mlimani hugeuka jioni, na moshi uliokuwa unapanda mbele yako unaweza kukushukia kwenye korongo lenye njia moja.

Hatua ya 11: Moshi ukifika mjini

Kinachoumiza ni chembe zilizo chini ya mikromita 2.5, ambazo hupita mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 ni wastani usiozidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa saa 24. Huna kipimo? Tumia Meru na Kibo: Meru ikipotea wakati hakuna mawingu, hewa si safi, vichaka vya Kibo visipoonekana asubuhi isiyo na wingu, wenye pumu, watoto, wajawazito na wazee wakae ndani, madirisha yafungwe upande wa upepo. Kitambaa kilicholowa huzuia majivu makubwa tu. Barakoa ya N95 iliyobana vizuri husaidia. Ya upasuaji husaidia kidogo. Mkaa nao usiwashwe ndani ya nyumba iliyofungwa, hilo linaua haraka kuliko moto wa mlimani.

Hatua ya 12: Baada ya kutangazwa umezimwa

Moto wa vichaka hushuka kwenye mizizi na udongo mweusi wa mboji, ukafukuta bila kuonekana. Kwa hiyo endelea na zamu zako wiki nzima, kwenye alama zile zile za picha. Alfajiri mlima huwa wazi, lakini makaa huwa yamepoa na unyevu wa usiku. Kati ya saa tatu na saa tano, kabla mawingu hayajafunga, ndipo upepo unaopanda huyaamsha. Ukiona kishipa cha bluu kimetokea palepale siku mbili mfululizo saa ile ile, piga simu tena, na utaje tarehe zote mbili.